Waya wa Nyutro Uliogeuka Kahawia: Hamoniki na Ubora wa Umeme Katika Majengo ya Nairobi

Katika orofa ya chini ya jengo moja la biashara karibu na River Road, fundi alinifungulia mlango wa bodi kuu ya umeme ili anionyeshe jambo lililokuwa likimnyima usingizi. Nyaya tatu za fezi, zinazoleta umeme, zilikuwa safi, na maganda yao bado yaling'aa. Waya wa nyutro, unaorudisha mkondo, uliokuwa wa buluu siku ulipofungwa, ulikuwa umegeuka kahawia mahali ulipobanwa na skrubu, na plastiki iliyoushikilia ilikuwa imejikunja na kutoa ile harufu kali ya kuungua ambayo hukaa puani kutwa nzima. Hakuna breka iliyokuwa imekata. Mizigo ilikuwa imegawanywa kwa usawa katika fezi zote tatu, jinsi alivyofundishwa chuoni, na kwa hesabu aliyoijua, mikondo ya fezi tatu zilizolingana huondoana inapokutana kwenye nyutro. "Huu ndio ungekuwa baridi kuliko wote, injinia," aliniambia, "na ndio unaochemka."

Jengo hilo halikuwa na mashine nzito hata moja. Lilikuwa na maduka ya kompyuta, wachapishaji wa mabango, vinyozi, ofisi ndogo ndogo na taa za LED kuanzia mlangoni hadi orofa ya juu. Hapo ndipo jibu la fumbo lake lilipokuwa.

Tunapozungumzia umeme mbaya, wengi wetu hunyoosha kidole kwenye nguzo iliyo nje. Stima kupotea, volteji kushuka mota kubwa ya jirani inapowashwa, radi kupiga laini wakati wa mvua za masika: hayo kweli hutoka nje mara nyingi, na dawa zake, kuanzia UPS (kifaa cha betri kinachoshikilia kompyuta stima ikipotea) hadi vizuizi vya radi, zinajulikana na zinauzwa. Lakini kuna uchafu mwingine ambao hauji na waya kutoka mtaani. Huzaliwa ndani ya jengo, kwenye vifaa vyetu wenyewe, kisha hutoka nje kwenda kumsumbua jirani. Uchafu huo unaitwa hamoniki, na kwa maoni yangu ndio unaoeleweka vibaya kuliko kasoro zote za umeme katika jiji hili, hata miongoni mwa watu wanaolipwa kuuondoa.

Umeme unaotufikia ni mkondo geu. Volteji yake hupanda, hushuka, hugeuka upande wa pili na kurudi mara 50 kila sekunde, na ukiuchora kwenye kioo cha chombo cha kupimia utaona wimbi laini lisilo na kona. Pasi, hita ya maji na balbu ya zamani ya uzi hulifuata wimbi hilo bila ubishi: volteji ikipanda kidogo, mkondo hupanda kidogo, ikishuka, nao hushuka. Kifaa cha kielektroniki hakifanyi hivyo. Ndani ya chaja ya laptopu, televisheni au taa ya LED ya bei nafuu kuna dayodi zinazogeuza mkondo geu kuwa mkondo wa upande mmoja, na nyuma yake kuna kapasita inayohifadhi chaji. Kapasita hiyo ikishajaa, dayodi hazipitishi chochote mpaka volteji ya ukutani ipite ile iliyomo ndani, na jambo hilo hutokea kwa muda mfupi tu, wimbi linapokaribia kilele. Katika muda huo mfupi kifaa hulazimika kuvuta umeme wake wote wa nusu wimbi nzima.

Mkazi wa Nairobi ataelewa haraka akifikiria mtaa unaopata maji kwa zamu. Bomba likifunguliwa saa moja tu kwa siku, kila nyumba hukinga mitungi yake kwa wakati mmoja, na presha huanguka hata kama maji ambayo mtaa unahitaji kwa siku nzima si mengi. Vifaa vyetu hukinga umeme kwa zamu ya namna hiyo, mara 100 kila sekunde, vyote pamoja, kwenye kilele kile kile cha wimbi. Ndiyo maana ukipima volteji katika jengo lililojaa kompyuta utakuta kilele chake kimekuwa bapa, kana kwamba mtu amekipitisha randa.

Mwaka 1822 Mfaransa Joseph Fourier, aliyekuwa akichunguza jinsi joto linavyosafiri ndani ya vitu, alionyesha kwamba umbo lolote linalojirudia linaweza kujengwa kwa kujumlisha mawimbi laini, la kwanza likiwa na kasi ya msingi na mengine yakiwa na kasi mara mbili, mara tatu, mara nne na kuendelea. Kwetu kasi ya msingi ni hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde. Mkondo wenye vilele vikali unaovutwa na kompyuta ni jumla ya wimbi la hezi 50 na mawimbi mengine ya hezi 150, 250, 350 na zaidi, ambayo huitwa hamoniki ya tatu, ya tano, ya saba. Kwa kuwa vifaa vingi huvuta mkondo kwa namna ile ile katika nusu ya juu na nusu ya chini ya wimbi, hamoniki zinazojitokeza kwa nguvu ni zile za namba witiri. Ukubwa wa hamoniki zote pamoja, ukilinganishwa na wimbi la msingi, ndio upotofu wa jumla ambao vyombo vya kupimia huuandika THD kwa asilimia. Mawimbi hayo ya ziada si hila ya hesabu tu. Yanapita kwenye shaba, yanaipasha joto, na kila moja lina tabia yake.

Turudi sasa kwenye nyutro. Fezi tatu zimepishana kwa theluthi moja ya mzunguko, na kupishana huko ndiko kunakofanya mikondo ya hezi 50 iondoane inapokutana. Lakini hamoniki ya tatu huzunguka mara tatu kwa kila mzunguko mmoja wa msingi. Theluthi ya mzunguko wa msingi kwake ni mzunguko mzima. Kwa hiyo hamoniki za tatu za fezi zote tatu hufika kwenye nyutro zikiwa zimepanda pamoja na kushuka pamoja, na badala ya kuondoana hujumlishana. Tuseme kila fezi ina ampea 50 za msingi na ampea 30 za hamoniki ya tatu. Mkondo halisi wa kila fezi ni ampea 58 hivi. Nyutro, ambayo fundi aliitarajia iwe na sifuri, inabeba ampea 90. Kusawazisha mizigo, jambo ambalo yule fundi alilifanya kwa uangalifu wote, hakupunguzi hata ampea moja ya hizo tisini.

Na nyutro, kwa kawaida, haina breka ya kuilinda. Hicho ndicho kinachonitia hofu kuliko yote. Ikichemka mpaka ikatike, mizigo ya fezi tofauti hujikuta imeunganishwa mfululizo kati ya fezi mbili, mahali penye volti 415, na kifaa kinachovuta mkondo mdogo zaidi ndicho kinachopata sehemu kubwa ya volteji hiyo. Televisheni iliyotengenezewa volti 240 inaweza kupokea 350 au zaidi. Mtu akikwambia kwamba vifaa vya orofa nzima viliungua kwa dakika moja ilhali jengo la pili halikuguswa, nyutro ndiyo ya kwanza kukaguliwa.

Yule fundi alikuwa amepima, lakini koleo lake la kupimia ampea lilikuwa la aina ya bei nafuu inayopima wastani wa mkondo kisha kuuzidisha kwa kudhani kwamba umbo lake ni wimbi laini. Chombo cha aina hiyo, kikiwekwa kwenye mkondo wenye vilele vikali, kinaweza kusoma pungufu kwa robo nzima au hata theluthi. Anayefanya kazi katika majengo ya siku hizi anahitaji koleo linalopima thamani halisi, ambalo kwa kawaida huandikwa True RMS usoni. Kwa fundi anayeanza, ningemshauri alinunue kabla ya drili ya pili.

Madhara mengine nitayapitia kwa haraka. Katika transfoma, joto linalotokana na mikondo midogo inayojizungusha yenyewe ndani ya nyaya za koili hupanda kwa mraba wa namba ya hamoniki, kiasi kwamba ampea moja ya hamoniki ya saba huleta joto la aina hiyo mara 49 ya lile la ampea moja ya msingi. Ndiyo sababu transfoma iliyoandikwa kVA 500 (kVA ni kipimo cha uwezo, volteji ikizidishwa kwa mkondo) haiwezi kubeba kVA 500 za kompyuta na taa bila kuzeeka kabla ya siku zake. Hamoniki ya tatu hunaswa upande wa volti 11,000, mahali koili zimeunganishwa kwa umbo la pembetatu, nayo huzunguka humo ikipasha joto bila kutoka. Katika mota, hamoniki ya tano hujenga uga wa sumaku unaozunguka kinyume na mota yenyewe, hivyo mota hufanya kazi dhidi ya breki isiyoonekana.

Jambo linalostahili muda wetu zaidi ni kapasita, kwa sababu hapo ndipo watu wema wenye nia njema huharibu mambo kwa fedha zao wenyewe.

Wateja wakubwa wa Kenya Power hawalipii uniti peke yake. Hulipia pia mahitaji ya juu kabisa ya mwezi kwa kVA, na pawa fakta yao, yaani sehemu ya kVA hizo inayofanya kazi halisi, ikishuka chini ya 0.9 huongezewa tozo. Mwenye kiwanda akiona tozo hiyo kwenye bili huitafutia dawa, na dawa inayouzwa kila mahali ni kabati la kapasita. Kwa kiwanda chenye mota zilizounganishwa moja kwa moja kwenye laini, dawa hiyo ni sahihi na hujilipa haraka. Lakini viwanda vya Industrial Area vimebadilika. Mota nyingi sasa huendeshwa na vidhibiti mwendo, ambavyo mafundi huviita draivu, na draivu ya kawaida yenye dayodi sita huvuta mkondo uliojaa hamoniki ya tano, ya saba, ya kumi na moja na ya kumi na tatu.

Pawa fakta ya mzigo wa namna hiyo huwa mbaya kwa sababu tofauti kabisa. Mkondo wake haujachelewa nyuma ya volteji, umepotoka umbo. Draivu ndogo isiyo na koili ya kuilainisha inaweza kuwa na THD ya mkondo ya asilimia 80, na kwa upotofu wa kiasi hicho pawa fakta halisi haiwezi kuzidi 0.78 hata kama mkondo wa msingi haujachelewa hata nukta moja. Kapasita hurekebisha kuchelewa. Haziwezi kurekebisha umbo. Mwenye kiwanda anarundika kapasita, pawa fakta haifiki alipoahidiwa, naye anaambiwa aongeze nyingine.

Kuziongeza kunaleta hatari kubwa zaidi. Kapasita na transfoma kwa pamoja zina sauti yao ya asili, kama kioo kilicholegea cha matatu ambacho hutulia nyimbo zote zikipigwa, kisha hutetemeka kana kwamba kitavunjika besi inapogonga noti moja fulani. Wahandisi huiita hali hiyo rezonansi. Noti ya mfumo hukadiriwa kwa hesabu fupi: gawanya uwezo wa mzunguko mfupi wa transfoma (kiasi cha juu kabisa inachoweza kutoa nyaya zikigusana) kwa ukubwa wa kapasita, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jibu. Transfoma ya kVA 1,000 yenye kizuizi (upinzani wake wa ndani kwa mkondo geu) cha asilimia 5 ina uwezo wa mzunguko mfupi wa kVA 20,000. Ukiifungia kapasita za kVAr 400 (kVAr ndicho kipimo cha ukubwa wa kapasita) unapata 50, ambayo kipeuo chake cha pili ni 7 na kidogo. Kiwanda hicho kimejijengea mfumo unaoimba kwenye hamoniki ya saba, hamoniki ile ile ambayo draivu zake zinaipiga mchana na usiku. Na kwa kuwa kabati huwasha na kuzima kapasita kwa hatua, noti hubadilika kutwa nzima, na balaa hujitokeza saa fulani tu, kisha hutoweka kabla fundi hajafika.

Nimeona matokeo yake katika kiwanda kimoja cha plastiki. Kapasita zilikuwa zimevimba vichwa kama mikebe ya maziwa iliyoharibika, fyuzi mbili zilikuwa zimefungwa upya kwa waya wa kawaida, na kwenye sakafu kulikuwa na masanduku ya kapasita mpya za aina ile ile zikisubiri kufungwa. Ilikuwa mara ya tatu. Hakuna aliyekuwa amepima hamoniki kabla ya kununua, si muuzaji, si mshauri, na hilo liliniudhi, kwa kuwa kiwanda hicho kiliajiri watu ambao mishahara yao ilitoka kwenye fedha zile zile zilizokuwa zikichomwa kabatini.

Suluhisho la kapasita katika mazingira ya draivu ni kuzitangulizia koili mfululizo. Koili ya asilimia 7 (yaani yenye upinzani wa asilimia 7 ya ule wa kapasita kwenye hezi 50) huishusha noti ya tawi hilo hadi hezi 189, chini ya hamoniki ya tano, na kuanzia hapo kwenda juu tawi zima hujiendesha kama koili, haliwezi tena kuimba pamoja na transfoma kwenye hamoniki za draivu. Palipo na hamoniki ya tatu kwa wingi, kama katika majengo ya ofisi, huchaguliwa koili ya asilimia 14 inayoishusha noti hadi hezi 134 hivi. Kuna jambo dogo ambalo husahauliwa: koili huipandisha volteji inayoikabili kapasita. Kwenye mfumo wa volti 415, koili ya asilimia 7 huifikisha volteji hiyo karibu 446, kwa hiyo kapasita iliyoandikwa volti 440 haifai hata kabla ya kuhesabu hamoniki. Itafutwe ya 480 au 525.

Koili hizo, hata hivyo, hulinda kapasita zaidi ya kusafisha mkondo. Kuupunguza uchafu wenyewe kunapaswa kuanzia pale unapozaliwa. Draivu inayofungwa na koili ya asilimia 3 hadi 5 mbele yake hushuka kutoka THD ya asilimia 80 hadi karibu 35 au 40, na kwa shilingi moja iliyotumika sijui njia nyingine inayofanya kazi kubwa hivyo. Penye mashine kubwa, dayodi kumi na mbili zikilishwa na koili mbili za transfoma zilizopishanishwa nyuzi 30 hufuta hamoniki ya tano na ya saba, zikabaki ya kumi na moja na ya kumi na tatu, zilizo dhaifu zaidi. Kwa upande wa kompyuta na taa, vifaa vilivyotengenezwa vizuri vina saketi ndani yake inayoulazimisha mkondo kufuata umbo la volteji. Tofauti ya bei kati ya taa yenye saketi hiyo na isiyo nayo huonekana dukani, ilhali tofauti ya joto kwenye nyutro huonekana miaka kadhaa baadaye.

Halafu kuna filta amilifu, ambazo misingi yake ya hesabu iliwekwa na Hirofumi Akagi na wenzake nchini Japani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Filta ya aina hii hupima mkondo wa mzigo, hutenga sehemu isiyo ya hezi 50, na kupitia tranzista zinazowaka na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde huingiza kwenye waya mkondo ulio kinyume cha sehemu hiyo. Transfoma huona wimbi karibu laini. Ni chombo cha ajabu kweli, na ni ghali. Lakini husafisha upande wa nyuma yake tu, kuelekea transfoma. Ukiifunga kwenye bodi kuu, nyutro za orofani zitaendelea kuchemka kama kawaida, kwa sababu hamoniki bado husafiri kutoka kwenye kompyuta mpaka pale filta ilipo. Katika lile jengo la River Road hatukuanza na filta. Tulibadilisha nyutro ya njia kuu na za orofa zenye kompyuta nyingi, kila moja ikawa na unene maradufu ya fezi, kwa kuwa tatizo lililotishia maisha ya watu lilikuwa kwenye waya, si kwenye bili.

Umeme safi ni upi, basi? Kiwango namba 519 cha IEEE (chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme), kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1981 na kurekebishwa mara kadhaa, mara ya karibuni mwaka 2022, huweka kikomo cha THD ya volteji kuwa asilimia 8 kwa mifumo isiyozidi volti 1,000 na asilimia 5 kwa iliyo juu ya hapo hadi volti 69,000, ambamo zimo laini za volti 11,000 zinazopita juu ya mitaa yetu. Kikomo hicho hupimwa mahali mteja anapokutana na wateja wengine, na kwa haki kabisa: hamoniki za mkondo wangu zikipita kwenye transfoma tunayoshiriki huipotosha volteji ya jirani, hata kama yeye ana pasi na redio tu.

Nyumbani, hasa kwa familia inayonunua tokeni, jambo hili lina sura moja ninayotaka kuisema waziwazi. Vijisanduku vinavyochomekwa ukutani na kunadiwa kwamba hupunguza bili kwa kusafisha umeme mara nyingi huwa na kapasita ndogo tu na taa ya kijani. Mita ya nyumbani huhesabu uniti, haitozi pawa fakta, na kapasita haipunguzi uniti. Mama mwenye kibanda cha soda anayetoa akiba yake kununua kijisanduku hicho anatapeliwa.

Anayetaka kuanza kwenye jengo lake na aanze kwa kupima. Chombo cha kurekodi ubora wa umeme kifungwe kwenye bodi kuu kwa wiki nzima, ili kinase Jumatatu asubuhi na Jumapili usiku, na kisome volteji, mkondo wa kila fezi na wa nyutro, pamoja na kila hamoniki peke yake. Muuzaji wa kapasita au filta atoe hesabu yake akitumia vipimo hivyo, na mkataba ueleze THD itakayofikiwa mzigo ukiwa kamili. Baada ya kufunga, kipimo kirudiwe katika hali ile ile ya mzigo, kisha kirudiwe tena jenereta ikiwa imewashwa. Kizuizi cha ndani cha jenereta huwa kikubwa mara tatu au zaidi ya kile cha transfoma, kwa hiyo mkondo ule ule uliopotosha volteji kwa asilimia 4 mchana unaweza kuipotosha kupita 12 stima ikipotea. Hapo ndipo UPS nyingi huikataa jenereta na kubaki kwenye betri mpaka zizime, huku mwenye ofisi akiisikia jenereta ikinguruma nje na kushangaa kwa nini kompyuta zake ziko gizani.